Fahamu: Ukoo wa Talai na ardhi ya chai

Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai wa Kericho walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Watalai ni akina nani?

Ni ukoo wa viongozi wa kiroho, orkoiik, walioheshimiwa na Wanandi na Wakipsigis. Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen mwaka 1905, alikuwa wa ukoo huu. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alihamishwa kutoka Kericho mwaka 1914, akafia uhamishoni.

Kuhusu ardhi, tuanze na David Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1916 hadi 1922. Ni chini ya serikali yake maofisa wa jeshi waliojeruhiwa vitani walipogawiwa ardhi ya Kericho. Kilimo chao cha kitani kiliporomoka. Kampuni za chai zikafuata.

Kisha ikaja 1934. Sheria ilitungwa kwa ajili ya ukoo mmoja tu, Watalai: wazee, akina mama na watoto wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Huo ni ukatili usio na kisingizio. Waliorejea hawakurudishiwa ardhi, na hadi leo wengi wa wazao wao hawana shamba.