Dawa ya Kidonda na Titi Linalonyonyesha

Mama anayenyonyesha akifika duka la dawa na kuuliza kama dawa yake ya kidonda itamdhuru mtoto, mara nyingi hujibiwa haraka: “Hiyo ni ya kupaka tu, mama, haina neno.” Akitoka hapo akakutana na jirani, ataambiwa kinyume chake: mtoto apewe maziwa ya kopo mpaka kidonda kipone. Jibu la kwanza ni sahihi kwa dawa nyingi, ila lina mapengo mawili matatu yanayoweza kumgharimu mtoto mchanga. Jibu la pili karibu kila mara ni kosa, na ni kosa la gharama. Titi lisiponyonywa kwa siku kadhaa hupunguza maziwa, na mtoto aliyeanzishwa chupa nyumbani pasipo na maji salama yuko jirani na kuhara.

Ya kuangaliwa ni mambo machache: hali ya ngozi inayopakwa, ukubwa wa eneo, dawa yenyewe, umri wa mtoto, na kama mdomo wake utagusa pale palipopakwa.

Tuanze na ngozi. Tabaka lake la juu kabisa ni chembe zilizokufa, zimelaliana kama makuti ya paa, na katikati yake kuna mafuta. Sehemu nyingi za mwili unene wake ni takriban milimita 0.02 tu, lakini huzuia mengi. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi Jan Bos na Marcus Meinardi walitoa hoja, ambayo watengenezaji wa dawa huifuata mpaka leo, kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya ngozi nzima kwa shida sana. Kwenye kidonda tabaka hilo halipo. Kwenye jeraha bichi la moto halipo kabisa, na chini yake mishipa midogo ya damu iko wazi kupokea chochote kinachopakwa.

Hata dawa ikishaingia kwenye damu ya mama, bado haijamfikia mtoto. Husambaa mwilini, ini na figo huanza kuiondoa, na kinachobaki ndicho kinachopata nafasi ya kuvuka chembe za titi. Mtoto wa miezi michache hunyonya takriban mililita 150 za maziwa kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Wataalamu hupiga hesabu ya dawa iliyomo katika maziwa hayo, wakailinganisha kilo kwa kilo na dozi ya mama. Ikiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida huhesabiwa kuwa haina hatari kwa mtoto mwenye afya. Krimu ya mupirosini kwenye mchubuko wa goti haikikaribii kiwango hicho, na ndivyo ilivyo kwa neomaisini, basitrasini au fusidiki asidi kwenye kidonda kidogo. Mama apake, afunge kidonda, anyonyeshe.

Ayodini haifuati hesabu hiyo, na hapa nataka tukae kidogo.

Mama akirudi nyumbani baada ya kujifungua kwa upasuaji, mara nyingi mezani pake hukosi kuona gozi, pamba na chupa ya povidoni ayodini, ile dawa ya kahawia inayoacha madoa kwenye kanga. Soma lebo yake: asilimia 10. Maana yake ni kwamba kila mililita moja ina takriban miligramu 10 za ayodini iliyo tayari kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama anayenyonyesha apate mikrogramu 250 za ayodini kwa siku, ambazo wengi wetu huzipata kwenye chumvi yenye madini joto. Mililita moja ya dawa ile, ambayo haijazi hata robo ya kijiko cha chai, ina ayodini ya siku 40.

Si yote inayopenya. Nyingi hubaki kwenye pamba na gozi. Lakini kiasi fulani hupita hata kwenye ngozi nzima, zaidi kwenye kidonda, na zaidi sana kwenye utando laini wa uke, pale ambapo mama aliyechanika au kuongezewa njia wakati wa kujifungua hujisafisha kila siku. Kisha titi hufanya jambo lisilolifanyia dawa nyingine nyingi: huivuta ayodini. Chembe za titi linalonyonyesha zina protini ile ile iliyomo kwenye tezi ya shingo, ambayo kazi yake ni kusukuma ayodini kutoka kwenye damu. Pampu hiyo ipo ili mtoto, ambaye hana chakula kingine, apate madini ya kutengeneza homoni zinazokuza ubongo wake. Haichagui kati ya ayodini iliyotoka kwenye chumvi ya mboga na ile iliyotoka kwenye mshono.

Mtu angetarajia kwamba tezi ikipata ayodini nyingi itatengeneza homoni nyingi. Inakuwa kinyume. Mwaka 1948 Jan Wolff na Israel Chaikoff walieleza, kutokana na majaribio ya panya, kwamba tezi ikifurikwa na ayodini husimamisha kazi. Kwa mtu mzima mwenye afya hurejea kazini yenyewe baada ya siku kadhaa. Tezi ya mtoto mchanga, hasa njiti, haijakomaa vya kutosha kujinasua hivyo, na inaweza kubaki imesimama katika majuma ambayo ubongo unaihitaji mno.

Ushahidi ulijitokeza Ubelgiji. Huko watoto wachanga hupimwa kwa tone la damu ya kisigino ili kubaini upungufu wa homoni za tezi, kipimo ambacho daktari Jean Dussault wa Quebec alikianzisha mapema katika miaka ya 1970. Madaktari wa Brussels waliona kwamba watoto wanaoitwa tena kwa uchunguzi zaidi walikuwa wengi kupita kawaida miongoni mwa wale ambao mama zao walisafishwa ngozi kwa ayodini wakati wa kujifungua, na hasa wale waliokuwa wakinyonya. Maziwa ya mama hao yalikuwa na ayodini nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988, na tangu hapo hospitali nyingi za Ulaya zimekuwa na tahadhari na ayodini katika wodi za wazazi.

Kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe ayodini ikikatwa, na kupakwa mara moja kabla ya upasuaji si jambo la kumkosesha mama usingizi. Ninachokipinga ni mazoea ya kupaka kutwa mara mbili kwa majuma, kujisafisha ukeni kwa ayodini, au kujaza gozi lililoloweshwa ayodini ndani ya kidonda kipana bila mtu kumkumbuka mtoto. Mshono uliofunga, mkavu na usio na usaha, kwa kawaida huhitaji maji safi na sabuni ya kawaida tu, kisha ukaushwe vizuri. Mama mwenye kidonda ambacho daktari ameona hakina budi kutibiwa kwa ayodini aendelee kunyonyesha, ila aombe mtoto apimwe tezi. Kwetu kipimo cha kisigino hakijawa huduma ya kila mtoto, kwa hiyo macho ya mama yana kazi kubwa: manjano yanayozidi majuma mawili, kilio cha kukwaruza, kulala kupita kiasi, kunyonya kivivu na kukosa choo ni dalili za kumrudisha kliniki.

Dawa ya pili ya kuangalia ni ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto, silva salfadayazini. Inapopakwa kwenye jeraha pana, hadi asilimia 10 ya salfa iliyomo inaweza kuingia kwenye damu. Mtoto mchanga ana bilirubini nyingi, ile rangi ya manjano inayoonekana machoni, na huibeba ikiwa imeshikamana na protini ya damu iitwayo albumini. Salfa huing'oa bilirubini ikakaa mahali pake, na bilirubini iliyoachwa huru inaweza kuingia kwenye ubongo. Somo hilo lilijifunzwa kwa uchungu New York. Mwaka 1956 William Silverman na wenzake walitoa taarifa kwamba watoto njiti waliopewa penisilini pamoja na salfa ili kuwakinga na maambukizi walikufa kwa wingi kuliko wenzao waliopewa dawa nyingine, na ubongo wa wengi ulikuwa umepakwa manjano. Watoto wale walipewa dawa moja kwa moja. Ipitayo kwenye maziwa ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Lakini mtoto njiti, mwenye manjano, aliye chini ya miezi miwili, au mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ulio wa kawaida kwenye maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani yetu ikiwamo, hastahili kubahatishiwa. Mama amwambie daktari umri wa mtoto kabla krimu haijafunguliwa. Kwa mtoto mkubwa kidogo, mwenye afya, na jeraha la ukubwa wa kiganja, hofu haina msingi.

Asali nayo imeonyesha katika tafiti kuwa inaponya baadhi ya majeraha ya moto haraka kuliko bandeji za kawaida. Mkononi mwa mama haina ubaya. Kwenye chuchu ni marufuku. Inaweza kubeba vijidudu vya Clostridium botulinum, ambavyo utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja haujaweza kuvizuia visizaliane na kutoa sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa huo wa watoto ulitambuliwa California mwaka 1976.

Kwenye titi, basi, mambo hubadilika, kwa sababu dawa haihitaji tena kupita kwenye damu: mtoto anaimeza. Maandishi ya kitabibu yana habari ya mtoto wa miezi miwili ambaye mama yake alipaka krimu kali ya steroidi kwenye chuchu zenye maumivu tangu alipojifungua. Uso wa mtoto ulivimba ukawa mviringo, shinikizo la damu likapanda sana, na ukuaji ukadorora. Nasema hili kwa msisitizo kwa kuwa klobetasoli, moja ya steroidi kali kuliko zote, inauzwa kwetu mitaani kama krimu ya kung'arisha ngozi. GV, ile dawa ya zambarau tuliyoizoea tangu utotoni, ikiwa kali inaweza kuchubua mdomo wa mtoto, na mwaka 2019 wizara ya afya ya Kanada ilionya kuhusu uwezekano wa kuhusika kwake na saratani. Dawa za kutia ganzi hulegeza mdomo wa mtoto akashindwa kunyonya vizuri. Mafuta mazito ya mgando yafutwe kabla ya kunyonyesha.

Chuchu iliyopasuka mara nyingi haihitaji dawa yoyote ya dukani, kwa sababu kinachoipasua ni namna mtoto anavyoishika. Akishika ncha tu, ufizi huisaga chuchu kila akivuta. Mlaze ubavu tumbo lake likigusa lako, pua yake ikielekea chuchu, ngoja afungue mdomo wazi kama anayepiga mwayo, kisha mlete kwenye titi kwa haraka kidevu kikitangulia, ili sehemu kubwa ya eneo jeusi chini ya chuchu iingie mdomoni. Ukihisi kuumwa kunaendelea baada ya mivuto michache ya kwanza, penyeza kidole safi pembeni mwa mdomo wake mpaka aachie, kisha mwanze upya. Akimaliza, kamua matone machache ya maziwa yako, yapake kwenye mpasuko, na uache titi likauke kwa hewa kabla ya kulifunika.