Maharage ya Mbeya na Chembe za Hewa

Mwenye kuhamia Mbeya kutoka pwani hukutana na jambo la kumshangaza jikoni. Maharage ni yale yale, sufuria ni ile ile, na maji yanatokota kwa kishindo. Lakini saa zapita na punje bado ngumu. Aghalabu hulaumiwa mkaa, au mbegu, na pengine bibi arusi mgeni husemwa kuwa hajui kupika, jambo lisilo haki hata kidogo. Na huku mtoto wa nyumba hiyo, aliye kidato cha tano, anarudi kutoka shuleni na daftari la kemia lenye kanuni za gesi. Ameziandika kwa Kiingereza na kuzikariri neno kwa neno, wala hajui kwamba jawabu la mama yake limo katika daftari hilo.

Basi na tuitazame kanuni yenyewe. Hewa ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nyingi zikiwa za nitrojeni na oksijeni, nazo hazitulii. Katika joto la kawaida la chumbani chembe ya nitrojeni hukimbia karibu meta 500 kwa sekunde, ikigongana na wenzake na kupiga kila kilicho mbele yake. Pigo moja ni dogo kupita kiasi, lakini mapigo hayana idadi, na jumla yake ndiyo iitwayo kanieneo ya hewa, au kwa neno la watu wote, presha.

Hewa nayo ina uzito. Mwanachuoni al-Khazini wa mji wa Merv aliliandika jambo hilo katika kitabu chake Mizan al-Hikma mwaka 1121. Mwaka 1648 huko Ufaransa, Florin Périer, kwa maagizo ya shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme na bomba la zebaki, akaona zebaki imeshuka kadiri alivyopanda. Juu ya kichwa cha aliye mlimani hewa iliyobaki ni kidogo, na chembe zimetawanyika zaidi.

Msafiri wa kwetu hana haja ya zebaki. Basi litokalo Dar es Salaam likianza kupanda Kitonga kuelekea Iringa, masikio huziba na kuzibuka, na pakiti ya biskuti iliyofungwa pwani huvimba kama kibofu. Iringa iko zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, na Mbeya kiasi cha meta 1,700. Pwani zebaki husimama kama milimeta 760; Mbeya husimama karibu 620. Kwa hiyo lita moja ya hewa ya Dar es Salaam, ikiachwa itanuke kwa joto lile lile, hufika Mbeya ikiwa lita moja na robo hivi. Robert Boyle aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1662.

Sasa turudi kwenye sufuria. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushindana na hewa iliyo juu yake. Pwani hewa hukandamiza sana, na maji hufika nyuzi 100 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Mbeya mpinzani ni dhaifu, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kileleni mwa Rungwe, karibu meta 2,960, ni kama nyuzi 90 tu. Wengi hudhani ni baridi ya nyanda za juu ichelewashayo chakula. Baridi huchelewesha maji kuanza kuchemka. Yakishachemka, kinachopungua ni joto la maji yenyewe, na hata ukiongeza moto namna gani halizidi hapo. Mkaa wa ziada unafukuza mvuke tu. Afadhali kuloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria.

Maswali ya jikoni si ya kudharauliwa. Erasto Mpemba, aliyesoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, kwa nini maji ya moto huwahi kuganda kuliko ya baridi. Wenzake walimcheka; lakini mwaka 1969 yeye na Osborne walichapisha makala juu ya swali hilo, na hadi leo wataalamu wanabishana.

Kuna na hatari ndani ya jambo hili. Maharage mekundu mabichi yana sumu itapishayo na kuharisha, na joto la nyuzi 80 haliiondoi ipasavyo. Yamwagwe maji ya kulowekea, kisha yatokote kwa nguvu, na huku juu yatokote kwa muda mrefu kuliko pwani, wala asionjeshwe mtoto punje iliyo nusu mbichi.

Mwenye uwezo hununua sufuria ya presha. Mvuke ukizuiwa ndani, chembe husongamana na kupiga kwa nguvu, na maji hupanda hadi karibu nyuzi 120. Maharage huiva upesi, Mbeya kama Tanga. Lakini nguvu hiyo hiyo humrushia mpishi uji wa moto usoni akifungua kifuniko kwa pupa. Uondolewe motoni, usubiriwe mvuke utoke wote, na tundu la kutolea mvuke lisafishwe kila mara, maana ganda moja la haragwe latosha kuliziba.