Sauti ya Joy Division Katika Nyimbo za Kwanza za U2

Askari aliyezoea gwaride huweza kumtambua mkufunzi kwa kutazama hatua za makuruta wake. Katika muziki pia ndivyo ilivyo. Bendi ya U2 ya Dublin, Ireland, inajulikana ulimwenguni kote. Lakini tukizisikiliza kwa makini santuri zake za mwaka 1980, tunaisikia ndani yake bendi nyingine, Joy Division, kutoka upande wa Manchester, Uingereza.

Santuri kubwa ya kwanza ya Joy Division, "Unknown Pleasures", ilitoka mwaka 1979, wakati vijana wengi walipokuwa wakiuacha muziki wa panki, wenye kelele na haraka, na kutafuta mtindo mwingine. Martin Hannett, aliyesimamia kurekodiwa kwake, aliacha nafasi kubwa baina ya vyombo. Ngoma zasikika kana kwamba zapigwa ndani ya ghala tupu, nalo gitaa la besi la Peter Hook hupanda juu na kuubeba wimbo wenyewe.

Hannett huyo huyo ndiye aliyesimamia wimbo wa U2 uitwao "11 O'Clock Tick Tock", uliotolewa Mei 1980. Mkono wake haufichiki: nafasi ni ile ile, na mwangwi ni ule ule. Lakini tarehe 18 ya mwezi huo mwimbaji wa Joy Division, Ian Curtis, aliyekuwa na maradhi ya kifafa, alijiua akiwa na umri wa miaka 23. Santuri kubwa ya kwanza ya U2, "Boy", iliyotoka Oktoba, ilisimamiwa na mtu mwingine, Steve Lillywhite.

Je, vijana wa Dublin waliiga tu? La, hasha. Sauti ya Curtis ilikuwa nzito, ikishuka gizani. Ya Bono hupanda, kama ya mtu anayeita wenzake. Mpiga ngoma wao, Larry Mullen, alikuwa amepitia bendi ya gwaride, na mafunzo hayo yanadhihirika katika mwanzo wa "Sunday Bloody Sunday" wa mwaka 1983. Walichokichukua ni ile nafasi baina ya vyombo. Walichokitia humo kilikuwa chao.

Msomaji atakayezipata santuri hizi aanze na ile ya 1979, kisha aiweke "Boy". Asikilize kwanza ngoma na besi, ndipo ayafuate maneno.