Umoja au Wingi? Jinsi Kiingereza Kinavyounganisha Majina Mawili

Mtu apitaye katika soko la Kebirigo, katika Kaunti ya Nyamira, huyaona maneno ya Kiingereza kila upande: juu ya milango ya maduka, ubavuni mwa magari, katika stakabadhi za mazao na juu ya vibao vya shule. Mengi ya maneno hayo ni majina mawili yaliyowekwa pamoja, moja likitangulia na jingine likifuata. Kiwanda cha chai cha mahali hapo huitwa kwa Kiingereza “Kebirigo Tea Factory”. Duka la vitabu huitwa “bookshop”, na duka la viatu “shoe shop”.

Hapo ndipo swali huzaliwa. Duka la vitabu halina kitabu kimoja, wala duka la viatu halina kiatu kimoja. Mbona basi Kiingereza husema “book” na “shoe”, kana kwamba kuna kimoja tu? Na ikiwa hiyo ndiyo kanuni, mbona gari la mizigo huitwa “goods vehicle”, na akaunti ya akiba huitwa “savings account”, kwa wingi?

Swali hili si la wanafunzi peke yao. Mwanafunzi akikosea hupoteza alama katika mtihani. Mchora vibao akikosea, kosa lake hukaa ukutani miaka mingi, likisomwa na kila mpita njia. Na mfanya biashara aandikaye barua ya kuagiza mali, akikosea jambo hili, aweza kuletewa vitu asivyovitaka, au kiasi asichokikusudia. Kwa hiyo yafaa kila mtu atumiaye Kiingereza katika shughuli zake aijue kanuni yenyewe na sababu zake.

Kwanza msomaji aitazame lugha yake mwenyewe. Kiswahili huanza na jina lililo kubwa, kisha hutia neno la uhusiano, na mwisho huweka jina la kueleza: duka la vitabu, daktari wa meno, trei ya mayai. Ekegusii nacho hufuata mpango huo huo, kwa maana lugha zote mbili ni za ukoo mmoja wa Kibantu. Tena katika lugha hizi majina mengi huonyesha umoja na wingi mwanzoni mwa neno. Mswahili husema kitabu na vitabu, na Mgusii husema egetabu na ebitabu. Kwa sababu hiyo msemaji amezoea kufikiri habari ya idadi kila alitamkapo jina. Akiona duka limejaa vitabu, ulimi wake hautaki kusema “duka la kitabu”.

Kiingereza kimeugeuza mpango huo. Jina la kueleza hutangulia, na jina lililo kubwa huja mwisho. Mara nyingi hapana neno lolote la kuyaunganisha. Katika “tea factory”, neno kubwa ni “factory”, yaani kiwanda. “Tea” imewekwa mbele ili kutuambia ni kiwanda cha namna gani.

Hiyo “namna gani” ndiyo asili ya kanuni yote. Jina linalotangulia halijibu swali la “vingapi?”, hujibu swali la “vya namna gani?”. Kwa kuwa halihesabu kitu, halina haja ya alama ya wingi. Mswaki husugua meno yote ya kinywa, lakini Mwingereza huuita “toothbrush”, kwa umoja wa jino. Trei ya mayai huchukua mayai 30, nayo huitwa “egg tray”. Mwuza ndizi, hata akiwa na mikungu mia, ni “banana seller”. Kiswahili chenyewe kina mfano ulio karibu na huu: mtu asemapo “mpiga picha”, hapana aulizaye ni picha ngapi, maana jina hilo hutaja kazi na si hesabu.

Vitu vyenyewe vikiwa vingi, alama ya wingi hutiwa katika jina la mwisho peke yake. Maduka ya vitabu ni “bookshops”, trei za mayai ni “egg trays”, na wauza ndizi ni “banana sellers”.

Kanuni hii ina nguvu zaidi katika vipimo. Gunia la kilo 50 ni “fifty-kilogram bag”, wala si “fifty-kilograms bag”, ingawa kilo ni 50 kamili. Mtoto wa miaka 10 ni “ten-year-old child”. Lakini kipimo kikija nyuma, wingi hurudi: “the child is ten years old”. Tofauti hii huwasumbua wanafunzi wengi, kwa sababu hawaoni sababu yake.

Sababu moja iko katika historia. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, jina la kipimo lililofuata hesabu lilipewa mwisho maalumu wa kuonyesha uhusiano na wingi pamoja. Neno la futi, ambalo leo ni “foot”, lilikuwa “fota” katika hali hiyo. Karne zilivyopita, irabu za mwisho zilififia katika matamshi, hata zikatoweka, na neno likabaki limefanana na umoja. Basi “ten-foot pole” ya leo, yaani mti wa futi 10, ina wingi wa zamani uliopoteza mkia wake.

Katika vipimo, msomaji asiudharau mstari mdogo unaounganisha maneno. Mtu akiandika “twenty five-kilogram bags”, ameagiza mifuko 20, kila mmoja wa kilo 5, jumla kilo 100. Akiandika “twenty-five kilogram bags”, ameagiza mifuko 25 ya kilo moja moja, jumla kilo 25. Maneno ni yale yale, bali mstari umehama mahali pake, na kilo 75 zimepotea. Aliye na shaka aandike tarakimu, kama vile “20 bags of 5 kg each”, na hapo hapatakuwa na ugomvi.

Sasa yatazamwe majina yanayokataa kanuni. Hayakatai ovyo, bali yana sababu zake, nazo ni tatu.

Sababu ya kwanza ni maana. Kuna majina ambayo wingi wake una maana nyingine kabisa, mbali na umoja wake. Yakivuliwa alama ya wingi, maana hupotea. “Good” ni sifa ya uzuri, lakini “goods” ni bidhaa au mizigo. Kwa hiyo “goods vehicle” ni gari la mizigo, na “good vehicle” ni gari zuri, hata kama halibebi kitu. “Custom” ni desturi, lakini “customs” ni forodha, na “customs officer” ni ofisa wa forodha. “Cloth” ni kitambaa na “clothes” ni nguo zilizoshonwa. Hivyo “cloth shop” na “clothes shop” ni maduka mawili mbalimbali. “Glass case” ni kabati la kioo, na “glasses case” ni kifuko cha miwani. “Damage” ni uharibifu, lakini katika mahakama “damages” ni fedha za fidia. Na “savings” ni akiba iliyokwisha kuwekwa, ndiyo maana benki husema “savings account”.

Mfano ulio wazi sana ni wa neno “game”. Kwa umoja wake, Kiingereza hulitumia pia kwa wanyama wa porini. Idara ya serikali ya Kenya iliyowatunza wanyama hao, hata ilipounganishwa na ile ya mbuga za taifa mwaka 1976, iliitwa “Game Department”, na mlinzi wa wanyama aliitwa “game warden”. Lakini mwalimu wa michezo shuleni ni “games teacher”. Shule ikitafuta “game teacher”, msomaji aweza kudhani kwamba yatakiwa mtu wa kufundisha habari za tembo na swala.

Sababu ya pili ni majina ya vyama, mabaraza na sheria. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya watu wengi au mambo ya namna nyingi mara nyingine huuonyesha wingi huo katika jina lake. Tume ya walimu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1967, huitwa “Teachers Service Commission”. Baraza la mitihani, lililoanzishwa mwaka 1980, huitwa “Kenya National Examinations Council”, kwa kuwa hushughulikia mitihani mingi ya namna mbalimbali. Lakini chumba cha kufanyia mtihani ni “examination room”, hata mitihani yote ya mwaka ikifanyiwa humo. Vivyo hivyo mkulima wa chai aweza kuona maneno “tea farmers savings society”. Ndani yake “tea” haina alama ya wingi kwa kuwa hutaja namna ya wakulima. “Farmers” ni wingi kwa kuwa hutaja wanachama. Na “savings” ni wingi kwa sababu ya maana yake. Sababu zote zimekutana katika mstari mmoja.

Majina ya namna hii huweza kubadilika kwa wakati. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliitwa “Crown Lands Ordinance”, kwa wingi. Baada ya uhuru sheria hiyo ilijulikana kwa jina la “Government Lands Act”, nao wingi ukabaki. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, na sheria mpya ya ardhi ya mwaka huo huo iliitwa “Land Act”, kwa umoja. Kwa hiyo jina la chombo au la sheria halikisiwi. Linakiliwa kama lilivyoandikwa.

Sababu ya tatu ni wingi usiofuata njia ya kawaida. Majina machache ya Kiingereza hayatii “s”, bali hugeuka ndani: “tooth” huwa “teeth”, “mouse” huwa “mice”, “man” huwa “men”. Majina hayo huruhusiwa kutangulia hali yakiwa wingi, kama katika “teeth marks”, alama za meno. Mwaka 1985 mtaalamu Peter Gordon alichapisha habari za jaribio alilolifanya kwa watoto wadogo wa miaka 3 hadi 5 wasemao Kiingereza. Aliwauliza wangemwitaje mtu alaye panya. Walio wengi walikubali kusema “mice-eater”, lakini walikataa “rats-eater”, wakasema “rat-eater”. Hapana mtu aliyekuwa amewafundisha kanuni hiyo. Waliipata kwa kusikia lugha tu. Tena “man” na “woman” zina ada yake: mwalimu mwanamke ni “woman teacher”, na walimu wanawake ni “women teachers”, majina yote mawili yakigeuka pamoja.

Zaidi ya hayo, Waingereza na Wamarekani hawapatani katika kila neno. Taabu ya dawa za kulevya Mwingereza aweza kuiita “drugs problem”, naye Mmarekani husema “drug problem”. Msomaji akikuta namna zote mbili asifadhaike, bali achague moja na kuishika.

Basi mwenye kuandika ajiulize maswali matatu kwa utaratibu. Je, jina linalotangulia hutaja namna ya kitu tu? Likiwa hivyo, liandikwe kwa umoja. Je, wingi wake una maana yake ya pekee, kama “goods” na “savings”? Ukiwa nayo, alama ya wingi isiondolewe. Je, ni jina rasmi la chama, baraza au sheria? Likiwa rasmi, linakiliwe herufi kwa herufi kutoka katika hati yenyewe.

Mashaka yakibaki, kamusi ipo shuleni, na walimu wapo. Kuuliza si ujinga, na neno moja huulizwa kwa dakika chache. Lakini kibao kilichokwisha kupakwa rangi hufutwa kwa gharama.