Giżycko, mlango kati ya maziwa mawili

Siku niliyofika Giżycko, daraja lilinizuia. Kizuizi kilishuka, magari yakasimama, na bwana mmoja akaanza kuzungusha mpini wa chuma kwa mikono yake miwili. Hakuna injini iliyonguruma. Daraja lile, lenye uzito wa zaidi ya tani 100, likaachana na barabara na kugeuka taratibu kama mlango wa uani, likalala kando ya mfereji. Mashua zilizokuwa zikisubiri zikapita moja moja. Kisha bwana yule akalirudisha, nasi tukavuka.

Giżycko, jina linalotamkwa karibu na "Gizhitsko", ni mji wa watu wasiofika 30,000 kaskazini-mashariki mwa Polandi, katika nchi ya maziwa iitwayo Mazury. Nilipanda mnara wake wa maji, uliojengwa kwa matofali mekundu mwaka 1900, na kutoka juu nikauelewa mji wote. Kusini kuna ziwa Niegocin, kaskazini Kisajno, na katikati kipande chembamba cha ardhi chenye nyumba. Barafu nzito ya kale ndiyo iliyoichimba nchi hii. Ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha vilima vya changarawe na mabonde yaliyojaa maji. Kati ya mwaka 1765 na 1772 Waprusi, watawala Wajerumani wa wakati huo, walichimba mifereji ya kuyaunganisha maziwa. Ule unaopita mjini una urefu wa kilomita 2 na kidogo, na kwa kuwa maji ya pande zote mbili yako usawa mmoja, chombo hupita bila kupandishwa wala kushushwa.

Mahali kama hapo ni mlango, na kila mtawala alitaka kuutia kufuli. Mashujaa wa Msalaba wa Kijerumani walijenga ngome yao hapa katika karne ya 14. Makazi yaliyokua kando yake yakapewa hadhi ya mji mwaka 1612, kwa jina la Kijerumani Lötzen. Mwaka 1844 ufalme wa Prusia ulianza kujenga ngome kubwa zaidi yenye umbo la nyota, Boyen, ambayo kuta zake bado zimesimama. Mwaka 1914 majeshi ya Urusi yaliizingira, yakashindwa kuitwaa.

Wenyeji wa vijijini waliitwa Wamazuri. Nyumbani walizungumza Kipolandi cha kwao, ila walikuwa Walutheri na raia wa Prusia. Serikali ilipotaka shule zifundishe kwa Kijerumani, mchungaji Gustaw Gizewiusz, aliyefariki mwaka 1848, alisimama kuitetea lugha ya watoto wale, na akakusanya nyimbo zao. Hata hivyo, katika kura ya mwaka 1920, karibu wote walichagua kubaki upande wa Ujerumani. Januari 1945 Jeshi Jekundu la Kisovieti liliingia na wengi wakakimbia kwenye theluji. Mipaka ikachorwa upya, mji ukawa wa Polandi, na mwaka 1946 ukapewa jina la mchungaji yule.

Nyumba zilibaki, wenyewe wakawa wapya. Walitoka Polandi ya kati, na wengine walitoka mashariki, ambako ardhi yao ilikuwa imeingizwa katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1947 wakaletwa pia Waukraine, waliohamishwa kwa nguvu kutoka kusini-mashariki.

Bibi aliyenipangisha chumba alizaliwa mjini hapo. Wazazi wake walitoka huko mashariki, upande wa Vilnius, wakiwa na ng'ombe mmoja na masanduku mawili. Kabatini walikuta sahani za Kijerumani zenye ukingo wa buluu. Alinipakulia sielawa katika mojawapo ya sahani hizo. Ni samaki wa ziwani mwenye rangi ya fedha, urefu wake kama kiganja, na akikaushwa kwa moshi nyama yake huachana na mfupa ukimgusa tu. "Mama hakufungua masanduku kwa miaka mingi," alisema. "Alidhani tutaambiwa tuondoke tena. Baba alipopanda mitofaa ndipo alipoyafungua."

Nikamsimulia habari za kwetu. Mimi ni mtoto wa Tengeru, karibu na Arusha, na tangu utotoni nimeyaona makaburi ya Wapolandi jirani na ziwa Duluti. Wao pia walitoka mashariki mwa Polandi. Wasovieti waliwapeleka Siberia, wakatokea Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 wakafika kwetu. Kambi ya Tengeru ilifikia watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Vita vilipokwisha, makwao hakukuwa tena Polandi.

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Nani anayafagia makaburi hayo?"

Nikamjibu kwamba yuko Mtanzania anayeyatunza.

Aliinuka, akanishika mkono, akanipeleka makaburini. Tarehe 1 Novemba Wapolandi huwasha mishumaa kwa ajili ya marehemu wao. Yeye huwasha kwa mama na baba, halafu huenda pembeni, chini ya miti, kwenye mawe yenye majina ya Kijerumani yaliyokwisha kufifia. Hapo huacha mshumaa mmoja. Hajui ni akina nani. Anajua tu kwamba sahani anazolia ni za watu kama wao.