Mchezaji kabumbu aliyechunguza midundo isiyokutana

Mwaka wa 1908, mjini London, timu ya kabumbu ya Denmark iliichapa Ufaransa mabao 17 kwa 1 katika nusu fainali ya michezo ya Olimpiki. Fainali ilipotea mbele ya Uingereza, 2 kwa 0. Kati ya waliorudi nyumbani na medali ya fedha alikuwemo kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa hesabu, Harald Bohr. Wengi wanamjua zaidi kaka yake Niels, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 1922.

Kati ya 1924 na 1926, Harald, wakati huo profesa mjini Copenhagen, alitoa maandiko matatu juu ya mienendo inayokaribia kujirudia bila kujirudia kabisa.

Chukua wapiga ngoma wawili. Wa kwanza anapiga kila sekunde 1, wa pili kila sekunde 1.414 na kuendelea, yaani kipeo cha pili cha 2. Wakianza pamoja, hawatapiga tena pamoja hata milele. Lakini kwenye sekunde ya 17 wanapishana kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Kwenye sekunde ya 99, kwa sehemu 5 za elfu. Bohr alionyesha kwamba kukaribiana huko hakuishi, wala hakuchelewi kupita kiasi.

Kazi ngumu ni pale ngoma hizo zinapotawala mwendo wa kitu. Tuseme bembea, ambayo nguvu inayoirudisha katikati inaongezeka na kupungua kwa kufuata ngoma zote mbili. Je, itabembea kwa utulivu, ama itazidi kupanda hadi imwangushe mtoto? Ngoma ikiwa moja, Mfaransa Gaston Floquet alikwisha onyesha mwaka wa 1883 kwamba inatosha kuchunguza mzunguko mmoja. Zikiwa mbili za namna hii, hakuna mzunguko wa kuchunguza.

Mwaka wa 1982, Russell Johnson na Jürgen Moser walichapisha njia nyingine: kuhesabu bembea inapita katikati mara ngapi kwa wastani. Walithibitisha kwamba wastani huo upo sikuzote, popote bembea ilipoanzia. Mtu angedhani wastani usiotikisika ni dalili njema. Ni kinyume. Ukiongeza ama kupunguza kidogo nguvu ya kurudisha, na wastani ukagoma kusogea, ujue bembea imefungwa na ngoma, na karibu kila mwendo wake utakua bila kikomo.

Mwaka huohuo, Dan Shechtman aliona kwa darubini madini ambayo atomu zake zimepangwa kwa utaratibu usiojirudia, ugunduzi uliompa Nobel mwaka wa 2011. Wataalamu wanaochora madini ya namna hiyo kwenye mstari mmoja hukutana na milinganyo ya ukoo wa bembea yetu. Humo, pale wastani unapogoma kusogea ndipo penye viwango vya nishati ambavyo elektroni haiwezi kuwa navyo.