Enkefalini
Enkefalini ni peptidi fupi zinazotengenezwa na mwili wenyewe na ambazo hupunguza maumivu. Kila moja ina asidi amino tano. Kuna aina mbili, zinazotofautiana katika asidi amino ya mwisho tu: methionini au leusini.

Ziligunduliwa katika ubongo wa nguruwe na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Uskoti, mwaka 1975.

Ndani ya uti wa mgongo, enkefalini hujishikiza kwenye vipokezi vya seli za neva na kupunguza ishara za maumivu zinazokwenda ubongoni. Mofini hutumia vipokezi hivyohivyo, lakini enkefalini huvunjwa upesi na vimeng'enya, ilhali mofini hudumu kwa saa kadhaa. Mofini ikizidi huweza kusimamisha pumzi. Naloksoni, inayoziba vipokezi hivyo, huokoa maisha.